Rekodi ya taarab ya masaa matatu: fanya feda ijisogeze yenyewe, wewe ukalale

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo chukua chai yako kabisa. Linawahusu wale wanaouza kazi za kurekodi mtandaoni: unarekodi taarab ya harusi, mkesha wa kwaya au onyesho la bendi, halafu mteja unamkabidhi kwenye flashi, kwa linki au unampandishia YouTube. Wa biashara nyingine someni tu, maana kule mwishoni kuna hesabu ya bei na inamgusa kila anayeuza muda wake.

Nianze na kilichonikuta mimi mwenyewe. Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa taarab ya harusi, masaa matatu na dakika kumi na tano. Tulikubaliana shilingi 150,000. Nilirekodi vizuri tu, kila maiki kwenye traki yake: mwimbaji, waitikiaji, kinanda, gitaa la besi, dumbaki, na maiki mbili za kuchukua sauti ya ukumbi. Nyumbani nikaona kazi ni ndefu mno. Nikapanga sauti kwa kusikiliza wimbo wa kwanza, nikaweka kompresa kali juu ya kila kitu ili "isawazishe", nikatoa faili, nikatuma, nikapumua.

Kesho yake mama wa bibi harusi akanipigia. Wala hakugomba. Aliniambia, "Mwanangu, nimesikiliza yote. Ila pale mwimbaji alipomtaja marehemu baba yake bibi harusi, sikusikia kitu."

Nikarudi kusikiliza. Dakika ya 97. Mwimbaji anataja jina la marehemu, na wakati huohuo ukumbi mzima unapasuka kwa vigelegele. Kompresa yangu ikasikia kelele kubwa, ikakandamiza kila kilichokuwemo, na mwimbaji akiwa humohumo. Jina limezama. Yule mama alilipia masaa matatu, lakini alichokuwa anakisubiri ni sekunde nne, na harusi haiwezi kurudiwa.

Toka siku hiyo ndiyo nikakaa chini kujifunza otomesheni. Kama neno ni geni kwako, ni hivi: feda (si fedha, ni kile kitufe unachosogeza juu na chini kuongeza au kupunguza sauti ya traki) unaifundisha isogee yenyewe. Dakika ya 97 ishuke hapa, sekunde nne baadaye irudi. Programu inaandika mwendo huo kama mstari chini ya traki, na kila ukipiga rekodi feda inafuata mstari. Ukikosea unasogeza nukta kwenye mstari, basi.

KWA NINI REKODI NDEFU INA TABU YAKE

Wimbo wa studio wa dakika nne unaweza kuupangia sauti mara moja na ukakaa. Shughuli ya masaa matatu haikai. Saa ya kwanza mwimbaji ana nguvu na maiki iko mdomoni. Saa ya tatu kachoka, maiki imeshuka kifuani. Katikati anaingia mwimbaji wa pili mwenye sauti kubwa mara mbili yake. Watu wanakuja kutunza, wanasimama mbele ya jukwaa, wanaimba naye, na kila anayetunza anataka amsogelee mwimbaji kabisa, kwa hiyo kelele zake zinaingia kwenye maiki ya mwimbaji. Na yule fundi wa mitambo ya ukumbini, baada ya chakula, anaona sauti ndogo anaongeza. Ukiangalia mawimbi kwenye skrini unaona kabisa: hadi hapa membamba, kuanzia hapa manene.

Hapo watu wanakosea kwa njia mbili. Ya kwanza ni yangu, kuiachia kompresa ifanye kazi ya mkono. Ya pili ni kinyume chake: mtu anakaa na panya ya kompyuta anasogeza feda ya kila traki kuanzia sekunde ya kwanza, ikifika saa ya pili kachoka, saa ya tatu anaacha. Nimeshasikia kazi nyingi za hivyo. Nusu ya kwanza tamu, nusu ya pili kila mtu na lwake.

Dawa ni kupunguza kazi KABLA ya otomesheni. Ukishaelewa hilo, nusu ya somo imeisha.

KWANZA, MAFAILI YENYEWE

Nipite haraka hapa lakini usiruke. Ukirekodi kwa biti 24 na 48 kHz, traki moja inakula kama megabaiti 518 kwa saa. Traki 8 kwa masaa matatu ni gigabaiti 12 na ushee. Traki 16 ni karibu 25. Angalia nafasi kwenye laptopu kabla hujaanza, na nakala ya pili iwe kwenye diski nyingine siku hiyohiyo, hata kama umechoka vipi. Kadi usiifute mpaka mteja amesema ameridhika.

Pia mashine nyingi za kurekodi hukata faili lenyewe likifikia gigabaiti 2 au 4. Kwa hiyo usishangae kukuta shughuli moja ina vipande kadhaa. Viunge mkia kwa kichwa bila nafasi katikati, traki zote sawasawa. Ukiacha mwanya mdogo kwenye traki moja tu, kuanzia hapo mpaka mwisho dumbaki itakuwa nyuma ya kinanda na hutajua kwa nini muziki unachechemea.

Kuhusu programu: mimi natumia Reaper. Unaijaribu siku 60 bila kulipa, na leseni ya bei nafuu kwa mfanyabiashara mdogo ni dola 60, ukilipa mara moja. Haichoshi kompyuta dhaifu, hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Ukiwa na Audacity, ambayo ni ya bure, ina zana ya kuchora mstari wa sauti, na kwa rekodi ya traki mbili inatosha kabisa kuanzia. FL Studio wengi tunayo kwa ajili ya biti, ila kwa shughuli ya masaa matatu mimi naiona inanisumbua. Kanuni nitakazotoa ni zilezile popote, majina ya vitufe ndiyo yanabadilika.

SIKILIZA NA DAFTARI, USIGUSE KITU

Piga rekodi yote kwa kasi ya moja na nusu. Reaper inaongeza kasi bila kuifanya sauti iwe ya katuni. Masaa matatu na robo yanakuwa masaa mawili na dakika kumi. Kila wimbo unapoanza bonyeza M, inaweka alama. Na kwenye daftari andika yale tu yanayohitaji mkono: "41, mwimbaji kageuka", "58, maiki inakoroma", "97, jina la baba". Usitengeneze kitu hata kama kinakuuma. Ukianza kutengeneza hapa, umeshaingia kwenye mtego wa yule anayechoka saa ya tatu.

Hizi alama zina kazi mbili. Sasa hivi zinakuonyesha njia. Mwisho zitakusaidia kutoa kila wimbo kama faili lake.

KATA, SAWAZISHA, NDIPO UWEKE KOMPRESA

Hapa ndipo penye utamu, tulia.

Kwenye kila alama kata traki zote kwa pamoja. Kwenye Reaper, kama hujachagua klipu yoyote, ukibonyeza S inakata zote pale kishale kilipo. Sasa kila wimbo ni klipu yake, na kila klipu ina sauti yake unayoweza kuipandisha au kuishusha bila kugusa feda. Bonyeza F2 juu ya klipu utaona sehemu ya kuandika namba.

Chukua traki ya mwimbaji. Tuseme kabla ya chakula sauti yake inagonga kwenye desibeli -12 hivi, na baada ya chakula, kwa hisani ya yule fundi, inagonga -6. Zile klipu zote za baada ya chakula zishushe desibeli 6. Yule mwimbaji wa pili kama amezidi kwa 4, mshushe 4. Mwisho wa shughuli ambapo mwimbaji kachoka, mpandishe 3. Hii kazi haihitaji sikio la dhahabu. Unaangalia mawimbi yafanane, unasikiliza sekunde kumi za kila wimbo, unaendelea. Kwa nyimbo 14 inanichukua kama saa moja na nusu kwa traki zote.

Kwa nini klipu na isiwe feda? Kwa sababu ya foleni. Sauti inatoka kwenye klipu, inapita kwenye plagini zako (ikyu, kompresa na nyinginezo), halafu ndiyo inafika kwenye feda. Kompresa umeiambia "ikizidi -18, bana". Kama mwimbaji anaingia kwa -12 kwenye nusu ya kwanza na -6 kwenye nusu ya pili, nusu ya pili kompresa inabana mara mbili zaidi, na sauti inabadilika tabia: inakuwa kavu, pumzi zinasikika kama mtu yuko sikioni mwako. Ukisogeza feda huponyeshi, maana feda iko nyuma ya kompresa, kelele imeshabanwa. Ukirekebisha kwenye klipu, kompresa inapokea kitu kilekile toka mwanzo mpaka mwisho. Unaiseti mara moja, inafaa nyimbo zote.

Mimi nilikaa muda mrefu nikifanya kinyume, na sikuelewa kwa nini mwimbaji yuleyule anasikika kama watu wawili.

Tahadhari mbili tu. Usiisogeze klipu ya traki moja kulia wala kushoto, kata tu iache pale ilipo. Na pale ulipokata ukabadilisha sauti, ukumbi utasikika ukiruka ghafla, kwa hiyo kata kwenye makofi au kwenye utulivu kati ya wimbo na wimbo, kisha vuta klipu moja ipande sekunde mbili juu ya mwenzake ili zibadilishane taratibu.

Ukimaliza hapo, chagua wimbo mmoja ulio mtamu kuliko yote na upange sauti ya kila traki kwa feda za kawaida, zilizotulia. Huo ndio msingi. Sikiliza nyimbo nyingine kwa kurukaruka. Kama ulisawazisha vizuri, robo tatu ya shughuli nzima tayari inasikika sawa na bado hujaandika otomesheni hata moja.

SASA OTOMESHENI, KWA TRAKI CHACHE

Usiifungue kwenye traki zote. Mimi nina mistari mitatu tu: mwimbaji, vyombo vyote kwa pamoja, na ukumbi. Vyombo naviweka chini ya traki moja mama, kwa hiyo nikiishusha hiyo moja vyote vinashuka. Maiki mbili za ukumbi vilevile. Reaper ukichagua traki ukabonyeza V, mstari wa sauti unajitokeza.

Kuna hali za kuandika ambazo lazima uzijue, maana zinaleta hasara. Ridi inasoma tu mstari uliopo. Tachi ni kama simu ya tachi: ukiishika feda inaandika, ukiiachia inarudi kwenye mstari wa zamani. Lachi ukishaigusa inaendelea kuandika pale ulipoiacha mpaka usimamishe. Raiti inaandika juu ya kila kitu tangu unapobonyeza kupiga, hata kama hujagusa chochote. Ndugu zangu, raiti kwenye rekodi ya masaa matatu ni hatari. Unaiacha imewashwa, unabonyeza kupiga ili usikilize tu, unakwenda kuchukua maji, ukirudi imefuta otomesheni ya nyimbo mbili. Tumia tachi. Na ukimaliza wimbo rudisha kwenye ridi hata kama unadhani utaendelea.

Fanya wimbo kwa wimbo. Wimbo wa taarab unaweza kwenda robo saa, hiyo inatosha kwa mkao mmoja. Mpitie mwimbaji peke yake kwanza, huku vyombo vinasikika lakini huvigusi. Mwendo ni mdogo kuliko unavyodhani: desibeli 1 mpaka 3. Ukijikuta unapandisha 6, jua tatizo halikuwa la otomesheni, rudi kwenye klipu.

Mkono huchelewa. Unasikia neno limezama ndipo unapandisha, na neno limeshapita. Usihangaike kuwa na kasi. Andika tu, halafu chagua zile nukta zote uzirudishe nyuma kidogo, kama nusu sekunde. Feda itakuwa imeshapanda kabla mdomo haujafunguka.

Pale mwimbaji anaponyamaza na kinanda kinapiga peke yake, maiki yake bado iko wazi, inachukua dumbaki na maneno ya watu. Ishushe desibeli 8 mpaka 10. Usiizime kabisa. Ukiizima, ukumbi unakatika ghafla kama umeme umekwenda, msikilizaji anashtuka.

Na kumbuka kila unapompandisha mwimbaji, unapandisha pia dumbaki iliyoko futi tatu kutoka kwake. Kwa hiyo mara nyingi njia nzuri ya kumtoa mbele ni kumshusha jirani. Mwimbaji juu 1, vyombo chini 2. Msikilizaji haoni vyombo vimeshuka, anaona mwimbaji amesogea.

Ile dakika ya 97 niliitengeneza hivyohivyo. Kompresa ya juu ya kila kitu niliitoa. Sekunde moja kabla ya jina, traki ya ukumbi ikaanza kushuka, ikafika desibeli 7 chini. Vyombo vikashuka 3. Mwimbaji akapanda 2. Vigelegele bado vimo, maana vingine vilishaingia kwenye maiki yake na huwezi kuvitoa, na wala usitake kuvitoa, ndiyo raha ya harusi. Lakini jina linasikika herufi kwa herufi. Baada ya jina, ukumbi nikaurudisha juu kwa sekunde tatu, polepole, vigelegele vikajaa. Kazi yote dakika ishirini. Nilimpelekea mama faili jipya bila kumtoza, na sikumweleza habari za kompresa.

MITEGO MIWILI ILIYONIGHARIMU

Mtego wa kwanza: umemaliza otomesheni ya mwimbaji, unasikia kwa ujumla yuko chini kidogo, unapandisha feda. Inapanda, ukibonyeza kupiga inashuka yenyewe. Wengine wanadhani programu imeharibika. Haijaharibika, inafuata mstari uliouandika. Badili hali iwe ya trimu, ambapo feda inaongeza juu ya mstari badala ya kupambana nao, au shusha traki nyingine. Usianze kusogeza nukta mia nne moja moja.

Wa pili ni mbaya zaidi. Kwenye ile harusi kulikuwa na mapumziko ya chakula ya dakika 12, vijiko na mazungumzo tu. Nikaja kuyakata mwishoni, baada ya otomesheni zote. Klipu zikasogea kushoto, mistari ikabaki ilipokuwa. Kuanzia pale kila kitu kikawa kinapanda na kushuka dakika 12 baadaye kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa nimeshahifadhi na kufunga. Reaper ina mpangilio unaofanya nukta za otomesheni zisogee pamoja na klipu, upo kwenye menyu ya opsheni na kuna kitufe chake juu. Uwashe siku ya kwanza. Bora zaidi, makato makubwa yote yafanye ukiwa bado kwenye hatua ya daftari. Na kila baada ya nyimbo tatu hifadhi mradi kwa jina jipya: harusi_01, harusi_02. Faili la mradi ni dogo mno, halibebi sauti.

Mtu ataniuliza, mbona kuna plagini zinazopandisha na kushusha sauti ya mwimbaji zenyewe? Zipo, na kwa mhubiri anayeongea kwenye ukumbi uliotulia zinasaidia. Kwa taarab zinanitia hofu. Mwimbaji akinyamaza, plagini inadhani amepunguza sauti, inamtafuta, inakwenda kumpandisha yule mama aliyekuja kutunza anayemwambia mwenzake "nishikie mkoba". Nimeisikia hiyo kwa masikio yangu.

KUTOA NA KUKABIDHI

Usisikilize masaa matatu tena kwa mkao mmoja, masikio yatakudanganya. Lala, kesho yake sikiliza kwenye simu, spika ya simu yenyewe, maana wateja wengi watasikilizia humo. Sikiliza kila mahali ulipokata, na kila ulichoandika kwenye daftari. Besi haitasikika kwenye simu, usiipandishe kwa sababu hiyo. Unachotafuta ni maneno.

Kwa YouTube lenga wastani wa LUFS -14, na kilele kisizidi -1. Ukituma yenye sauti kubwa zaidi ya hapo YouTube inaishusha tu, kwa hiyo kule kukandamiza ili "ipige" unajiumiza bure. Reaper ikimaliza kutoa faili inakuonyesha namba hiyo. Kila wimbo ufanye eneo lake, kisha utoe maeneo yote kwa mpigo, yatoke na majina.

MP3 ya 320 ni kama megabaiti 144 kwa saa. WhatsApp inapokea dokumenti hadi gigabaiti 2, kwa hiyo inapita, ila tuma kama dokumenti. Na mfikirie mteja wa bando: mpe pia ya 128, ambayo ni chini ya megabaiti 60 kwa saa, achague.

Kitu kimoja kabla hujapandisha popote: mwenye harusi amekulipa wewe, lakini nyimbo ni za kikundi. Kumpa mteja kumbukumbu yake ni jambo moja, kuzipandisha YouTube ulipwe ni jambo lingine. Ongea na kiongozi wa kikundi, muandikiane. COSOTA wapo kwa ajili ya mambo haya na sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999.

BEI

Ile kazi ya kwanza, pamoja na kurudia, nilihesabu masaa 26. Toa nauli ya vyombo 20,000, ikabaki 130,000. Gawanya, ni shilingi 5,000 kwa saa, na umeme bado, na laptopu inachakaa. Kwa utaratibu huu niliowapa, shughuli ya urefu uleule inanichukua kama 11: kusikiliza mawili na kitu, kukata na kusawazisha moja na nusu, kupanga msingi mawili, otomesheni manne, kukagua na kutoa moja na nusu.

Siku hizi naandika vifurushi viwili kwenye katalogi yangu ya WhatsApp Business. Cha kwanza nyimbo zimekatwa, zimesawazishwa, zina msingi mzuri, basi. Cha pili kina otomesheni ya wimbo kwa wimbo, na bei yake ni karibu mara mbili. Wengi wanachukua cha kwanza na wanaridhika. Lakini hata kwa cha kwanza, kabla sijapokea malipo ya awali, namuuliza mteja swali moja: ni dakika zipi za shughuli hii ambazo ukizikosa utaumia? Wanajibu haraka. Baba anaongea. Shangazi anamtunza bibi harusi. Kwaya inaimba wimbo wa marehemu. Naziandika tatu, hizo zinapata otomesheni hata kwenye kifurushi cha bei ya chini. Dakika ishirini kila moja, saa nzima jumla, nimeshaiweka ndani ya bei na mteja hajui.

Mradi wenyewe naubakiza miezi sita, na kwenye risiti naandika hivyo. Juzi nimepigiwa na dada wa bibi harusi mmoja, miezi mitano imepita, anataka wimbo ule wa pili peke yake bila kelele za watu. Bila kelele haiwezekani. Ila kelele chini desibeli 5 iliwezekana, mstari ulikuwepo bado, nikaushusha nikatoa. Elfu kumi na tano, kwa kazi ya robo saa.